Balasti 12 zimekufa godauni moja Unga Limited: kabla hujanunua ya 13, kagua nyutro

#1 Mwenye uzi (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme, nipo Arusha. Uzi huu ni kwa mafundi wenzangu na kwa wenye magodauni, karakana na yadi wanaong'oa choki (balasti za zamani za koili ya shaba na chuma) kwenye taa za sodiamu na metali halaidi ili wafunge balasti za elektroniki. Pesa za watu zinateketea, na kifaa kinabebeshwa lawama isiyo yake. Hilo linaniuma, ndiyo maana nitaandika kirefu.

Mwezi uliopita niliitwa godauni moja pale Unga Limited, hapahapa Arusha. Taa 18 za metali halaidi, wati 250 kila moja, zimening'inia mita 7 juu. Fundi aliyenitangulia aling'oa choki akafunga balasti za elektroniki. Balasti za taa tatu za mlangoni zilikufa siku ya kwanza, dakika ileile zilipowashwa. Akaweka balasti nyingine tatu, nazo zikafa hapohapo. Wiki tatu baadaye zikafa sita kwa mpigo, jioni moja, zote za fesi moja (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme). Jumla 12. Nilipofika, mwenye godauni ameshaapa kurudisha choki.

Nilimwomba siku mbili. Nilichokikuta ni hiki.

Kwanza tuelewane kazi ya balasti. Ndani ya taa hizi hakuna waya unaopata joto kama kwenye globu. Kuna kijimrija chenye gesi na chumvi za metali, au sodiamu na zebaki, na umeme unapita katikati kama cheche isiyokatika. Tabia ya cheche hiyo ni kwamba mkondo ukiongezeka, ukinzani unapungua, kwa hiyo mkondo unazidi kuongezeka. Ukiipa umeme moja kwa moja kutoka ukutani, inajiua ndani ya muda mfupi sana. Lazima pawe na kitu cha kuibana. Choki inabana kwa shaba na chuma. Balasti ya elektroniki inaubadilisha umeme kuwa mkondo mnyoofu (DC), halafu inaukata upya na kuipelekea taa mkondo uliopimwa, na ndani yake ina sehemu inayopiga pigo la kuwashia la volti 4,000 hadi 5,000. Shikeni hilo la mwisho, kwa sababu makosa mengi yanaanzia pale.

Sasa zile tatu za mlangoni. Taa 15 nyingine zilikuwa na choki juu ya taa yenyewe. Tatu za mlangoni choki zake zilikuwa kwenye boksi la ukutani, na zamani fundi wa kwanza alipeleka waya mmoja tu kutoka kwenye choki hadi kwenye holda. Waya wa kurudi alichukua nyutro ya karibu, ile inayopita juu kwenye paa. Kwa choki hakuna ubaya wowote, choki inakaa upande wa moto (waya unaoleta umeme) na taa inarudi kwenye nyutro. Imefanya kazi miaka.

Balasti ya elektroniki haipo hivyo. Waya zake mbili za taa zinatoka kwenye daraja la transista nne zinazopokezana, na hakuna hata waya mmoja kati ya hizo ulio nyutro. Ukiunganisha mmoja na nyutro ya Tanesco, umepiga shoti kupitia transista. Zinapasuka kabla hujashuka kwenye ngazi. Nilifungua moja: fyuzi ya ndani imekuwa nyeusi kabisa, transista mbili zimepasuka tumbo, na kwenye plastiki ya kava kuna alama ya moshi yenye umbo la kipepeo. Balasti sita zimekufa kwa waya huo mmoja wa kurudi.

Namna ya kuugundua ni rahisi. Zima umeme, fungua waya zote mbili za taa kwenye balasti, toa balbu kwenye holda. Weka mita kwenye ohmu. Pima kila waya wa taa dhidi ya nyutro, kisha dhidi ya ethi (waya wa ardhini), kisha waya zenyewe kwa zenyewe. Mita isisome kitu popote. Ikilia mahali, usiwashe. Pita na waya kwa mkono mpaka uone unakoingia.

Nasisitiza: umeme uwe umezimwa. Usiwahi kuweka mita kwenye waya za taa wakati balasti inajaribu kuwasha. Mita zetu nyingi zimeandikwa mwisho volti 600 au 1,000. Pigo la 5,000 litaichoma, na wewe umeishika mkononi.

Sita za jioni moja nazo zina habari nyingine kabisa. Zote zilikuwa fesi ya buluu. Nilipofungua DB (boksi la kugawia umeme), kontakta (swichi kubwa) za taa zikiwa zimezimwa, nikapima kila fesi na nyutro wakati ofisini wanachemsha chai. Nyekundu 117, njano 282, buluu 356. Nikapima tena, nikidhani mita imeharibika. Fesi kwa fesi ilikuwa 400, sawasawa kabisa.

Anayeijua picha hii ameshajua. Nyutro kuu imelegea. Fesi tatu zikikosa nyutro, kila moja inagawana volti na wenzake kulingana na mzigo. Fesi nyekundu ilikuwa na birika na jiko dogo, mzigo mkubwa, ikapewa volti kidogo. Buluu haikuwa na mzigo wa maana, ikaachiwa volti nyingi. Balasti imeandikwa 220 hadi 240. Ukiipa 356 kila birika linapochemka, haina pa kukimbilia.

Nikazima swichi kuu, nikahakikisha kwa tesa, nikashika waya wa nyutro pale kwenye baa. Ulitoka kwa vidole viwili. Skrubu haikuwa imekazwa, labda haikuwahi kukazwa tangu DB ibadilishwe. Shaba ilikuwa imegeuka zambarau yenye madoa meusi, na plastiki ya waya imerudi nyuma kama sentimita mbili kwa joto. Nilikata kipande hicho, nikachuna upya, nikakaza, nikapima: 231, 229, 232.

Na kwenye zile 15 za kati kuna jambo la tatu, hili halijaua balasti lakini linakula vifaa vingine. Klampu mita ilisoma ampea 2.6 kwenye taa moja. Lebo ya balasti inasema chini ya 1.3. Nikafungua taa: kapasita ya zamani (kifaa kinachotunza chaji), maikrofaradi 32, bado ipo, imeunganishwa sambamba. Kapasita hiyo iliwekwa kurekebisha pawa fakta ya choki, yaani kufidia mkondo wa ziada ambao choki inavuta bila kufanya kazi. Balasti ya elektroniki inajirekebisha yenyewe ndani, haihitaji msaada. Kapasita ya maikrofaradi 32 kwenye volti 230 na hezi 50 inavuta ampea 2.3 peke yake, bure. Waya zinapata moto, kontakta inaunguza meno kila inapofunga. Ukibadilisha, toa choki, toa ignita (kiwashio cha zamani), toa kapasita. Vyote vitatu. Kapasita ishotishwe kwanza kupitia rezista kabla ya kuishika, maana huwa inabaki na chaji.

Nakaribisha maswali. Nitajibu nikitoka kazini.

#2 Mdau wa Sakina

Mkuu hongera kwa maelezo. Lakini kwa nini muhangaike na taa za zamani hizi? Si uweke LED yaishe?

#3 Mwenye uzi

Swali la haki, mkuu. Jengo jipya mimi mwenyewe nashauri LED, sina ubishi. Lakini mtu ana taa 18 zenye mabati mazuri ya kuakisi, ana balbu mpya ishirini stoo, na bajeti yake mwaka huu ni ya balasti. Huyo nimhudumie. Tena kwa sodiamu, taa ya wati 400 inatoa karibu lumeni 50,000, si taa ya kudharau. Rangi yake ni ya njano iva, hutofautishi vizuri shati la buluu na la kijani, lakini kwa yadi ya magari au uzio inatosha.

Mwenye balbu za zebaki tupu, zile za mwanga mweupe wa kibuluu, huyo namwambia aachane nazo. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza taa hizo nje ya nchi. Zilizopo usizivunje jalalani, zina zebaki.

#4 Fundi wa Pasua, Moshi

Mkuu, mimi nina tatizo jingine. Hazifi kwa mpigo, zinakufa moja moja. Miezi sita, saba, nane. Nyutro nimekagua, iko sawa. Waya wa taa haugusi kitu. Ni ukumbi wa kupakia mizigo, sodiamu wati 150, balasti zimefungwa ndani ya kichwa cha taa chini ya bati. Moshi na jua letu unalijua. Nifanyeje?

#5 Mwenye uzi

Kaka, umeshajijibu uliposema chini ya bati.

Angalia kava la balasti yako. Kuna kidoti, au duara dogo, limeandikwa herufi tc, na mahali fulani kwenye lebo kuna namba kama tc 80. Maana yake ni kwamba pale kwenye kidoti joto lisizidi nyuzi 80 taa ikiwa inafanya kazi. Hilo si joto la hewa wala joto la taa. Ni pale penye kidoti tu.

Ndani ya balasti kuna kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vya aluminiamu. Zina majimaji. Joto linayakausha taratibu. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya makadirio: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha ya kapasita hupungua nusu. Kwa hiyo balasti iliyotengenezwa idumu miaka, ukiiweka nyuzi 20 juu ya tc inabaki na robo ya umri wake. Haitapasuka. Siku moja itaacha kuwasha, kimya kimya, kama unavyoeleza.

Arusha tuna nafuu, tupo karibu mita 1,400 juu ya bahari na Juni na Julai tunavaa makoti. Moshi mpo chini yetu sana, na bati la saa nane mchana lina moto wake hata taa haijawashwa. Balasti ileile inayodumu Njiro hapa Arusha inaweza isidumu Pasua.

Pima. Chukua mita yenye waya wa kupimia joto, ibandike ncha yake kwenye kidoti kwa utepe wa aluminiamu, funga taa kama kawaida, iache iwake saa mbili au tatu ndiyo usome. Usisome baada ya dakika kumi, utajidanganya. Na pima saa zilezile wanazofanya kazi.

Ikizidi, hamisha balasti itoke ndani ya kichwa cha taa. Ifunge kwenye boriti ya chuma au kwenye ukuta, mgongo wake ugusane na chuma ili joto lihamie huko, na ikiwezekana isimame wima hewa ipande. Usiifungie ndani ya boksi dogo la plastiki. Nimekuta mtu ameizungushia hadi sponji kuzuia vumbi, balasti imeiva kama muhogo.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Ukiihamisha, waya wa taa unarefuka. Pigo la kuwashia ni la haraka mno, na waya mrefu unafanya kazi kama kapasita, unalinyonya pigo kabla halijafika kwenye balbu. Balasti nyingi zinaruhusu mita moja na nusu, mbili, si zaidi ya hapo. Imeandikwa kwenye lebo au kwenye karatasi iliyomo kwenye boksi, ile tunayoitupa. Tofauti na choki, ambayo ukichagua ignita sahihi unaweza kwenda mbali zaidi.

Waya wenyewe uwe wa silikoni uliotengenezwa kuhimili pigo la volti 5,000. Ule wa kawaida wa nyumba utapitisha cheche kwenye kona ya bati mwezi wa pili. Waya wa taa usiende bega kwa bega na waya wa kuingiza umeme, uachanishe. Redio ya mlinzi ikianza kuunguruma kila taa zikiwaka, mara nyingi ni waya hizo mbili zimefungwa pamoja kwa kamba moja.

Na kwenye balasti kuna tundu moja la taa lenye alama ya volti kubwa. Waya wake uende kwenye kitovu cha holda, kile chuma cha katikati, usiende kwenye nyuzi za pembeni. Ukigeuza, taa inaweza kuwaka vizuri tu, lakini siku mtu anapobadilisha balbu huku umeme haujazimwa, kidole chake kinakutana na nyuzi zile kwanza.

#6 Fundi mstaafu, Kijenge

Vijana, nasoma kimya kimya. Choki nilizofunga mimi bado zinawaka mpaka leo. Mnaniambia kifaa kinachokufa kwa birika la chai ni maendeleo? Halafu nijibuni: mnapima vipi insulesheni ya waya na mega, ile mita ya kupimia kwa volti kubwa, wakati haya madude yamefungwa? Maana mimi nisipopiga mega silali.

#7 Mwenye uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umeingia.

Mzee, choki zako siwezi kuzibeza. Shaba na chuma havijali radi za masika kama elektroniki inavyojali, na joto lake choki inalivumilia. Mahali penye radi sana na volti za kuyumba vibaya, bila kinga ya radi kwenye DB, mimi pia naweza kuacha choki. Lakini choki inafuata volti. Volti zikishuka asilimia 5, wati za taa zinashuka zaidi ya asilimia 10, mteja anaona godauni limefifia. Balasti ya elektroniki inashikilia wati zilezile, na yenyewe inapoteza joto kidogo kuliko choki. Kwenye taa 18 zinazowaka usiku kucha hiyo ni pesa ya kila mwezi.

Mega sasa. Umeuliza jambo ambalo limeua balasti nyingi kuliko watu wanavyojua. Mega ya volti 500 ikipigwa kati ya moto na nyutro huku balasti zimeunganishwa, unaipitisha moja kwa moja kwenye vifaa vya kuingilia umeme. Njia salama ni kuzifungua balasti kabisa. Kama ziko juu sana, basi zima, fungua nyutro kwenye DB, unganisha moto na nyutro ya laini hiyo pamoja, kisha piga mega ya volti 500 kati ya hizo mbili na ethi. Kati ya moto na nyutro usipige kabisa.

Na jambo moja mzee ambalo najua utaliunga mkono: ukimaliza mega, irudishe nyutro KABLA ya kuwasha, na uikaze. Nina shaka kubwa kwamba ile nyutro ya Unga Limited ilifunguliwa kwa kipimo, ikarudishwa kwa haraka.

#8 Fundi mstaafu, Kijenge

Marahaba. Hilo la nyutro nakubaliana nawe. Sisi tulifundishwa nyutro ndiyo ya kwanza kufungwa na ya mwisho kufunguliwa.

#9 Mwenye karakana, Majengo, Moshi

Habari zenu kaka zangu. Mimi si fundi umeme, nina karakana ya mbao. Umeme ukikatika hata sekunde mbili, taa zangu zinazima, halafu hazirudi. Mara nyingine zinarudi baada ya robo saa, mara nyingine hazirudi kabisa mpaka nizime swichi niwashe tena. Fundi ananiambia balasti zimekufa, anataka kubadilisha zote nne. Ni kweli?

#10 Mwenye uzi

Dada, usinunue kitu bado. Hizo balasti zina dalili zote za kuwa hai.

Metali halaidi ikiwa imewaka, gesi ya ndani ina mgandamizo mkubwa. Umeme ukikatika, cheche inazimika papo hapo. Kuiwasha tena ikiwa ya moto kungehitaji volti nyingi kuliko hizo 5,000 za balasti. Kwa hiyo inasubiri ipoe. Sodiamu hurudi ndani ya dakika moja au chache, metali halaidi huchukua dakika 10 hadi 15. Hilo ni umbile la taa, hata choki ingefanya hivyo.

Ile ya kutorudi kabisa: balasti ya elektroniki ina saa ndani. Inajaribu kuwasha kwa muda, nyingi nilizofunga ni kama dakika 20, isipofanikiwa inajifunga ili isiendelee kupiga volti kubwa bure. Ikishajifunga inangoja umeme ukatwe kwenye swichi na kurudishwa. Ndiyo maana ukizima na kuwasha inakubali. Mwambie fundi wako aanze na balbu. Balbu iliyozeeka inahitaji volti nyingi zaidi mwaka hadi mwaka, mwisho balasti inaiona haifai na inaizima. Kwa choki ungeiona inawaka, inazima, inawaka, inazima. Kwa elektroniki unaona giza tu, na mtu anadhani balasti imekufa. Aweke balbu mpya, ya wati zilezile na aina ileile iliyoandikwa kwenye balasti, azime swichi nusu dakika, awashe. Ikiwaka, umeokoa pesa ya balasti nne.

Tena dada, kwa karakana yako kuna sababu ya kuzipenda balasti hizo. Taa kwenye choki inafifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini msumeno wa duara ukizunguka kwa mwendo unaolingana na mapigo hayo, meno yake yanaonekana yamesimama au yanazunguka polepole. Mtu anapeleka mkono. Balasti ya elektroniki inaipa metali halaidi mkondo wa umbo la mraba, mwanga unakuwa karibu tambarare. Hata hivyo weka taa mbili tatu za aina nyingine, za LED zenye betri, juu ya mashine. Usiache vijana wako na msumeno unaozunguka gizani kwa robo saa.

Na kama kioo cha nje cha balbu kimepasuka lakini bado inawaka, izime mara moja. Kijimrija cha ndani kinatoa miale ya urujuanimno, kama ya jua kali, isiyochujwa. Usiku macho yatauma kama ya mchomeleaji aliyefanya kazi bila kioo.

#11 Mdau wa Usa River

Mkuu, kwangu taa ziko kumi laini moja. Breka ya ampea 10 aina B inaanguka wakati wa kuwasha tu. Ikishikilia, usiku mzima haianguki. Na nina RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 nayo inasumbua.

#12 Mwenye uzi

Balasti zikiwashwa pamoja, kapasita zake zote zinavuta chaji kwa mara moja. Makumi ya ampea kwa kila balasti, kwa muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde. Aina B inakatika kwa mara 3 hadi 5 ya namba yake, aina C mara 5 hadi 10. Weka C16 kama waya wako ni wa milimita 2.5 za mraba, na gawa taa laini mbili. Karatasi ya balasti huandika idadi ya juu kwa kila breka, ifuate hiyo, mimi siwezi kukuambia bila kuiona.

RCD: kila balasti inavujisha kidogo kwenye ethi kupitia kichujio chake, hilo ni la kawaida. Kumi zikijumlishwa unakaribia miliampea ambazo RCD inaweza kukatika. Gawa laini. Usikate ethi kama nilivyoona watu wanafanya! Kava la chuma lisilo na ethi litashika umeme wa kichujio hicho, na mtu wa kwanza kulishika yuko juu ya ngazi.

#13 Fundi wa Pasua, Moshi

Nimerudi wakuu. Nimenunua ile mita ya joto. Jana saa tisa alasiri, baada ya saa tatu za kuwaka, kidoti kilisoma 93. Lebo inasema tc 80. Nimehamisha moja tu kwa majaribio, nimeifunga kwenye boriti ya chuma pembeni. Leo saa zilezile imesoma 71.

#14 Mwenye uzi

Safi sana kaka! Waya wa taa sasa una urefu gani?

#15 Fundi wa Pasua, Moshi

Mita 1.4, silikoni. Karatasi inasema mwisho 2. Inawaka kwa mara ya kwanza, na ikiwa ya moto inarudi baada ya dakika mbili. Kesho naanza na saba zilizobaki, na kabla ya kupanda nitafungua DB nikaze nyutro.

#16 Mwenye karakana, Majengo, Moshi

Nami nilete mrejesho. Balbu mbili zilikuwa zimezeeka, zimebadilishwa, zinawaka. Balasti zote nne nzima.